Hesabu ya luku kwanza, prosesa baadaye: namna ya kuchagua mashine ya seva ya nyumbani

Mashine inayokula wati 100 bila kuzimwa humaliza uniti 72 za umeme kwa mwezi wenye siku 30. Mteja mdogo wa TANESCO, yule wa daraja la D1 anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kompyuta moja tu, iliyokaa kimya kwenye kona ya sebule, inaweza kumaliza karibu mgawo wote wa nyumba kabla friji haijawashwa na kabla shati halijapigwa pasi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi. Mwenye matumizi ya kawaida, wa daraja la T1, hulipa takribani shilingi 357 kodi zikiwamo. Kwa bei hiyo wati 100 ni kama shilingi 25,700 kila mwezi, zaidi ya laki tatu kwa mwaka. Wati 15 hazifiki shilingi 4,000 kwa mwezi.

Tofauti hiyo ndiyo ingepaswa kumwongoza kila anayetaka kujijengea seva ya nyumbani. Lakini watu hawaanzi hapo. Wanaanza na prosesa: ina viini vingapi, ni ya kizazi gani, inakwenda kasi kiasi gani. Siwalaumu. Miongozo mingi inayosomwa imeandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, na huko kwa miezi kadhaa ya mwaka joto linalotoka kwenye mashine ni faida ya chumba. Dar es Salaam mwezi wa Februari joto hilo unalilipia mara mbili, mashine inapolitoa na feni inapohangaika kuliondoa.

Kwa ambaye bado hajaijua kazi yenyewe, seva ya aina hii ni kompyuta moja halisi inayobeba kompyuta pepe kadhaa ndani yake, kila moja na mfumo wake wa uendeshaji, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Chukua mfano wa nyumba ya kupanga: ukumbi katikati, vyumba sita, bomba moja uani, mita moja ya umeme. Msimamizi wa nyumba ni programu inayogawa vyumba, na wapangaji ni Linux huyu, Windows yule, na wengine. Mpangaji wa chumba cha kwanza akivunja kitasa chake, wa chumba cha tatu anaendelea kulala. Bomba la uani ndilo prosesa: wote wanalitumia kwa zamu, na saa nyingi za siku halina foleni. Vyumba ndivyo RAM, navyo havina zamu. Chumba kikishakaliwa kimekaliwa. Ndiyo maana mtu mwenye prosesa ya kutisha na RAM ya GB 8 hujikuta hana pa kumweka mpangaji wa tatu.

Wazo si geni. IBM walikuwa wakilifanya kwenye kompyuta zao kubwa tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 walitoa mfumo wa VM/370 kwa ajili hiyo. Kompyuta za mezani zilichelewa kwa sababu prosesa zake hazikuundwa kwa kazi hiyo, na VMware, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998, ilibidi itumie mbinu nzito za programu ili kuzilazimisha. Mwaka 2005 Intel waliuweka uwezo huo ndani ya prosesa zenyewe, AMD wakafuata mwaka 2006. Mwanzoni mwa 2007 uwezo wa kuendesha kompyuta pepe, uitwao KVM, ukaingizwa ndani ya Linux, na mwaka 2008 ikatoka programu ya msimamizi, Proxmox VE ya kule Vienna, Austria, ambayo ni ya bure na leo ndiyo inayotajwa kwanza kila seva za nyumbani zinapozungumzwa. Iliongeza wafuasi wengi baada ya Broadcom kuinunua VMware Novemba 2023, kisha kuliondoa toleo la bure la ESXi, programu ya msimamizi ya VMware, miezi michache baadaye. Toleo hilo lilirudishwa Aprili 2025, lakini mimi nisingejenga nyumba juu ya kiwanja ambacho mwenyewe ameshawahi kukifunga geti mara moja.

Nani anahitaji kitu hiki? Mwanafunzi wa mitandao anayejiandaa na mtihani wa CCNA, anayetaka ruta tano za mazoezi bila kununua hata moja. Mtengeneza programu anayetaka kuvunja na kujenga upya bila kugusa kompyuta ya kazi. Familia yenye maelfu ya picha zilizotawanyika kwenye simu za watu wanne. Na yeyote anayekumbuka tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nyaraka zake kwenye mashine ya nyumbani aliendelea kuzifungua kwa Wi-Fi yake mwenyewe. Aliyekuwa nazo mbali alisubiri.

Sasa tuingie sokoni, na tuanze na mtego mkubwa kuliko yote: seva kuukuu za ofisi. Ile Dell PowerEdge R720 ya mwaka 2012, kwa mfano, ina nafasi za prosesa mbili za Xeon na nafasi 24 za RAM. Ukiiona inauzwa kwa bei ya simu ya kati, mkono unawasha. Jiulize kwanza kwa nini kampuni iliyoinunua kwa mamilioni inaiachia kwa bei hiyo. Wameshapiga hesabu ya umeme. Mashine ya namna hiyo ikiwa na prosesa mbili na diski kadhaa ni nadra kushuka chini ya wati 100 hata isipofanya kazi yoyote, na ikianza kazi hupanda mara mbili au zaidi. Feni zake ni ndogo na zinazunguka kwa kasi kubwa. Zilitengenezwa kwa vyumba ambavyo hakuna anayelala, wala mtoto anayesoma.

Mwenye sola aipige hesabu hiyo kwa betri. Wati 100 kwa saa 24 ni wati-saa 2,400. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200, ile kubwa inayobebwa na watu wawili, ina wati-saa 2,400 ukiimaliza hadi tone la mwisho, na betri ya asidi ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema. Kwa hiyo unahitaji mbili, bila kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, kwa ajili ya mashine moja tu.

Kuna kishawishi kingine kinachokuja kwa meli kutoka China: mazabodi mpya za daraja linaloitwa X99, zikiuzwa pamoja na prosesa kuukuu za seva kama Xeon E5-2680 v4 yenye viini 14. Kwa bei ya kila kiini hakuna kinachozishinda. Lakini prosesa hiyo imeandikiwa wati 120, watengenezaji wengi wa mazabodi hizo hawajulikani, na marekebisho ya BIOS ni bahati nasibu. Kwa mashine ya kuwaka mwaka mzima, sizitaki. Kwa mwanafunzi anayeiwasha kwa muda wa saa tatu kila jioni kwa ajili ya mazoezi kisha kuizima, hesabu inageuka kabisa: wati 100 kwa saa tatu kila siku ni uniti tisa tu kwa mwezi. Ndiyo maana swali la kwanza si mashine gani, ni saa ngapi itawaka.

Kwa ya kuwaka muda wote, jibu langu ni dogo kwa umbo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Matokeo yake maofisi ya Ulaya na Marekani yanaendelea kuachia kompyuta nzima zisizo na kosa lolote zaidi ya umri. Nyingi ni zile ndogo za kufungwa nyuma ya skrini: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Linux haina ugomvi na umri wao. Zikitulia hula kati ya wati 10 na 15, hazisikiki, na zinaingia kwenye rafu ya vitabu. Angalia herufi mwishoni mwa jina la prosesa: T ina maana imepunguzwa makali hadi wati 35. Core i5-6500T ina viini vinne na inatosha kujifunzia. Core i5-8500T ya mwaka 2018 ina viini sita, inapokea RAM hadi GB 64, na kama siku moja utaichoka seva, bado inakubali Windows 11 na itauzika. Ukiwa na fedha ya moja tu, chukua hiyo.

Wengine watakuonyesha visanduku vipya vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023: viini vinne, wati sita kwenye karatasi. Ni vizuri kweli kwa kazi nyepesi. Tatizo ni RAM, maana Intel wenyewe wanaiandikia GB 16 basi, ingawa mafundi huweka 32 na ikakubali. Tatizo la pili ni chaja zinazokuja nazo, ambazo nyingine ni nyepesi kiasi cha kutilia shaka. Kwa Pi-hole ya kuzuia matangazo, hifadhi ya picha na mpangaji mmoja au wawili wengine, inatosha. Kwa mazoezi ya CCNA, itakukwaza mapema.

Usiidharau laptopu iliyovunjika kioo. Wauzaji wanaitupia bei kwa sababu hakuna anayeitaka, na wewe seva yako haihitaji kioo. Ina betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika haishtuki. Ila usiiache ikichaji hadi asilimia 100 mwaka mzima, betri itavimba. ThinkPad nyingi zinakuruhusu kuweka kikomo, na asilimia 80 inatosha.

Tuje kwenye RAM, na hapa nitakaa kidogo. Msimamizi mwenyewe, yaani Proxmox, anahitaji GB moja au mbili. Linux isiyo na madirisha inaridhika na GB moja hadi mbili. Windows ya seva chini ya GB 4 ni mateso, na 8 ndiyo inapumua. Maabara ya ruta za mazoezi inaweza kula GB 16 peke yake kutegemea aina ya ruta. Kuna njia ya kubana: badala ya kompyuta pepe kamili, kazi nyingi ndogo za Linux huweza kuwekwa kwenye kontena, ambazo zinatumia pamoja kiini (kernel) cha Linux cha mashine mwenyeji na kutumia megabaiti mia chache tu. Kwa kontena, GB 16 inakwenda mbali. Bila kontena, anzia 32. Ya 64 ni raha, lakini si lazima.

Bei ni jambo lingine. Mwishoni mwa 2025 RAM ilipanda bei dunia nzima, kwa sababu viwanda vikubwa, vilivyobaki vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili unde vinavyolipa zaidi. Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wajenzi wa nyumbani wamelinunua kwa miaka mingi. Kwa hiyo ushauri wa zamani wa kununua mashine tupu na kuongeza RAM baadaye umepitwa. Siku hizi mashine inayokuja na RAM nyingi ndani yake ina thamani kuliko ile yenye prosesa mpya zaidi, na wauzaji wengine bado hawajalishtukia hilo. Kama nafasi ni mbili, pendelea kipande kimoja cha GB 16 kuliko viwili vya 8, ubakiwe na nafasi ya kesho. Vipande viwili vina kasi zaidi, ndiyo, lakini kwenye seva ya wapangaji nafasi inashinda kasi.

Uangalie pia usiuziwe RAM isiyo yako. Hivi visanduku vidogo vinatumia RAM ya laptopu, siyo ile ndefu ya mezani. Na ile ndefu ina aina mbili zinazofanana kwa macho: ya kawaida, na ya seva ambayo ina chipu ya ziada ya kusimamia ishara. Ya seva inaingia kwenye mazabodi ya kawaida bila kusukuma sana, kisha mashine inakataa kuwaka. Kwenye lebo ya RAM ya DDR4, tafuta herufi ya kwanza baada ya kistari kinachofuata namba ya kasi: R ni ya seva, U ni ya mezani, S ni ya laptopu. Ukiona RAM ya GB 32 inauzwa kwa bei ya GB 8, soma lebo kwanza.

Halafu kuna RAM ya ECC, inayogundua na kurekebisha biti iliyogeuka yenyewe. Mjadala wake hauishi. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba takribani asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata walau kosa moja kwa mwaka, kiwango kikubwa kuliko watu walivyodhani. Msimamo wangu ni huu: kama mashine itabeba nakala pekee ya kitu usichoweza kukipata tena, itafute ECC, au afadhali zaidi, usiwe na nakala pekee. Kama ni ya kujifunzia, isahau. Prosesa nyingi za AMD Ryzen za mezani zinaikubali iwapo mazabodi nayo inaikubali. Kwa Intel za kizazi cha 12 na kuendelea unahitaji mazabodi ya daraja la W680, na bei yake itakuondolea hamu.

Diski. Kompyuta pepe zikae kwenye SSD, hilo halina mjadala tena, kwa sababu wapangaji sita wanaosoma diski moja ya kuzunguka kwa wakati mmoja wataigeuza kuwa foleni ya Ubungo. Diski za kuzunguka zibaki kwa picha, filamu na nakala za akiba. Kinachosahauliwa ni kwamba SSD ina ukomo wa kuandikwa. Samsung 970 EVO Plus ya terabaiti moja, kwa mfano, ina dhamana ya kuandikwa terabaiti 600. Kwa laptopu ya mwandishi hiyo ni miaka na miaka. Kwa seva yenye mfumo wa mafaili wa ZFS, kumbukumbu zinazojiandika kila sekunde na hifadhidata mbili tatu, inakwenda haraka zaidi. Na kufunga Proxmox kwenye flashi ya USB ni kuitafutia kifo flashi hiyo.

Hapa mtumba una neema yake. SSD za seva zilizotumika, kama Intel DC S3700, zilitengenezwa kuandikwa ujazo wake wote mara kumi kila siku kwa miaka mitano. Iliyotumika miaka michache kwenye kituo cha data mara nyingi bado ina uhai kuliko mpya ya dukani. Jambo la maana zaidi kwetu liko ndani yake: ina kapasita zinazoshika umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, ili kile kilichokuwa kinaandikwa kikamilike hata umeme ukikatika ghafla. Nyingi za kawaida hazina. Kwenye nchi ambayo umeme haukatiki, hiyo ni anasa ya mabenki. Kwa aliyepitia mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kufungwa kwenye gridi Februari 2024, ni kitu cha kawaida kabisa kukihitaji.

Ukinunua diski za kuzunguka kwa ajili ya ZFS au RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja, uliza kama zinaandika kwa mtindo wa SMR, ambapo mistari ya data inalaliana. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa hifadhi za nyumbani, zilikuwa za mtindo huo bila wanunuzi kuambiwa. Diski hizo zinafanya kazi vizuri hadi siku moja ya kundi inapokufa na kundi linapojijenga upya. Hapo zinakwama. Na RAID yenyewe haikuokoi na wizi, moto, wala kidole kilichofuta faili lisilohusika. Nakala ya akiba ikae kwenye diski nyingine, ikiwezekana nyumba nyingine.

Kuhusu kukatika kwa umeme, UPS si hiari. Lakini ukubwa wake unategemea tena zile wati. UPS ndogo ya kawaida huwa na betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi na pungufu sana kwa vitendo. Kisanduku cha wati 15 pamoja na ruta kinaweza kupata karibu saa nzima. Seva ya wati 150 inapata dakika kumi na kitu betri ikiwa mpya. Chagua UPS yenye tundu la USB la mawasiliano, kwa sababu bila hilo seva haiwezi kuambiwa ijizime kwa amani betri inapokaribia kuisha. Za bei rahisi kabisa hazina. Kisha ingia kwenye BIOS ya mashine, uweke agizo la kuwaka yenyewe umeme unaporudi, ama sivyo utakuwa Morogoro kwenye msiba na seva yako imelala Tabata.

Kadi ya mtandao nitaipita haraka. Tundu moja la gigabiti linatosha wengi. Ukitaka seva iwe ruta ya nyumba nzima, unahitaji mawili, na hapo visanduku vidogo vya ofisi vinakubana kwa sababu vingi vina moja. Kadi za Intel kama i350 zimezoeleka na Linux inazijua siku zote. Na kama utataka kumpa mpangaji mmoja kadi nzima aitumie peke yake, hakikisha BIOS ina VT-d kwa Intel, au IOMMU kwa AMD. Baadhi ya mashine zina uwezo huo kwenye prosesa lakini mtengenezaji hakuweka kitufe cha kuuwasha.

Joto na chumvi vina maoni yao pia. Ukanda wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, hewa yenyewe inakula shaba. Mafundi wengi wa kompyuta wanajua dawa ya mashine iliyokataa kuwaka: chomoa RAM, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe. Dodoma adui ni vumbi. Seva iwekwe juu ya usawa wa sakafu, mbali na jiko na mbali na dirisha la barabarani, na ifunguliwe kupulizwa kila baada ya miezi michache. Usiifungie kabatini kwa sababu mama mwenye nyumba hapendi kuona nyaya. Muhimu akuruhusu juu ya kabati.

Linabaki swali la moja kubwa au mbili ndogo. Kwa wati 30, visanduku viwili vya kizazi cha nane vinakula chini ya theluthi moja ya R720 iliyolala. Kimoja kikiungua umeme ulipokuja kwa nguvu, kingine kinaendelea, na nakala za akiba za usiku zinakuwa tayari ziko upande wa pili. Unaweza kununua kimoja leo na kingine mwakani. Zaidi ya hapo, kipuri cha kimoja ni kipuri cha kingine. Kwa bajeti ya mtu wa kawaida wa Dar, Mwanza au Mombasa, sioni hoja ya kununua kimoja kikubwa, isipokuwa una kazi moja inayodai RAM zaidi ya GB 64 kwa mkupuo, na wenye kazi hiyo ni wachache.

Unapokwenda dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, beba flashi yenye Linux ya kuwasha bila kufunga, na Memtest86+ ya kupima RAM ndani yake. Omba mashine iwashwe mbele yako. Ingia BIOS kwanza: ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapohapo, maana mashine nyingi za ofisi hubaki zimefungwa na hakuna kifutio kinachosaidia. Washa uwezo wa mashine pepe uhakikishe unakubali kuwaka. Soma taarifa za SMART za diski, hasa saa ilizowaka na asilimia ya uhai uliobaki wa SSD. Acha Memtest86+ izunguke angalau duru moja huku ukinywa chai. Omba chaja yake halisi, si ya kufananisha. Ukiweza, chomeka kipima wati kwenye soketi uone mashine inakula kiasi gani ikiwa imetulia, uzidishe mwenyewe kwa uniti za mwezi. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo kabla hujalipa, duka la pili liko mlango unaofuata.